Jinsi ya Kumpima Bingwa wa Ngumi Mbele ya Magwiji wa Madaraja Yote ya Uzito

Mabishano juu ya nafasi ya bingwa wa ngumi miongoni mwa magwiji wa madaraja yote ya uzito hukwama mara nyingi kabla hayajaanza, kwa sababu watu wawili hubishana huku kila mmoja akijibu swali lake. Mmoja anauliza nani angeshinda iwapo mabondia wote wangekuwa na mwili wa ukubwa mmoja. Mwingine anauliza nani amefanya makubwa zaidi ulingoni kwa mwili aliojaliwa. Jambo la kwanza, basi, ni kukubaliana juu ya swali, na ushauri wangu ni kulichagua la pili, kwa kuwa la kwanza halina ushahidi. Kasi ya mikono ya bondia wa kilo 51 inatokana na wepesi uleule unaopotea ukimkuza mawazoni hadi afike kilo 90, na nguvu ya konde la Joe Louis, bingwa wa uzito wa juu, ilitoka katika mabega na mapaja ambayo huwezi kuyapunguza ukabaki na Joe Louis yuleyule. Rekodi, kwa upande wake, ipo: ina tarehe, uzito uliopimwa na kadi za majaji, na mapambano mengi makubwa yana filamu ambayo kila mbishani anaweza kuitazama.

Mkishakubaliana, iwekeni mikanda ya ubingwa mahali pake. Idadi ya mikanda ndiyo hoja inayotolewa haraka kuliko zote, nayo ndiyo inayopotosha zaidi pale mnapolinganisha mabondia wa enzi mbalimbali. Henry Armstrong alipoushika ubingwa wa uzito wa unyoya, wa uzito mwepesi na wa uzito wa welta kwa wakati mmoja mwaka 1938, madaraja yaliyohesabika yalikuwa manane tu. Leo vyombo vinne vikuu, yaani WBA, WBC, IBF na WBO, vinatambua kwa pamoja madaraja 17, na kila chombo kina bingwa wake. Masafa aliyoyavuka Armstrong, kutoka kilo 57 hadi karibu kilo 67, yana madaraja matano kwa mpangilio wa sasa. Anayesema kwamba bingwa wa leo mwenye mikanda ya madaraja manne amempita Armstrong mwenye matatu anahesabu vitu visivyolingana.

Manny Pacquiao anatufundisha jambo hilohilo kwa njia nyingine. Anahesabiwa kuwa bingwa wa madaraja manane, kuanzia kilo 51 mwaka 1998 hadi daraja la kilo 70 mwaka 2010. Lakini pambano la Novemba 2003, alipomsimamisha Marco Antonio Barrera, yaani kumshinda kabla raundi hazijaisha, katika raundi ya 11, halikugombaniwa mkanda wowote wa vyombo hivyo vinne, na bado ni miongoni mwa ushindi wake mzito kabisa, kwani Barrera alikuwa anahesabiwa kuwa bora katika uzito wa unyoya. Kinyume chake, mkanda wa kilo 70 aliupata dhidi ya Antonio Margarito katika pambano ambalo kikomo cha uzito kilishushwa hadi kilo 68 kwa makubaliano. Haki inataka tuongeze kwamba Pacquiao mwenyewe alipima chini ya kilo 66 na Margarito aliingia ulingoni akiwa mkubwa zaidi kwa mbali. Ukizihesabu kwa mikanda, siku ya Margarito inaizidi siku ya Barrera. Ukiwahesabu wapinzani, sidhani kwamba kuna atakayekubali.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo: mpinzani, katika siku ile. Fungua rekodi ya bingwa unayemjadili, uchague mapambano matano au sita yanayombeba, na kwa kila moja uulize mambo haya. Mpinzani alikuwa na umri gani? Daraja hilo lilikuwa la kwake, au alipanda, au alijikausha, yaani alipunguza maji ya mwili ili kushusha uzito, ndipo alifikie? Mapambano yake mawili au matatu yaliyotangulia yalikwendaje? Na baada ya hapo, aliendelea kushinda au ndiyo ilikuwa mwisho wake? Swali hili la mwisho husahaulika sana, ilhali ndilo linalofichua iwapo bingwa alimkuta mpinzani akiwa katika ubora wake au alimkuta ameshaporomoka.

Chukua pambano la Montreal la tarehe 20 Juni 1980. Roberto Durán alikuwa ametawala uzito mwepesi, kilo 61, tangu mwaka 1972, na sasa alikuwa amepanda hadi kilo 67 kupigana na Sugar Ray Leonard, bingwa wa WBC mwenye umri wa miaka 24 ambaye hakuwahi kushindwa na ambaye miezi michache nyuma alikuwa amemnyang'anya Wilfred Benítez ubingwa huo. Durán hakumpa nafasi. Alimsukuma kwenye kamba, akabaki naye kifua kwa kifua na kumfuata mbavuni raundi 15, na majaji wote watatu wakampa ushindi kwa tofauti ya pointi moja au mbili. Leonard aliendelea kushinda mapambano makubwa kwa miaka kadhaa baadaye. Kwa kila kipimo nilichokitaja, umri, uzito, ubora wa mpinzani na yaliyofuata, ushindi huu unajaa mizani. Miezi mitano baadaye Durán aligoma kuendelea katika raundi ya nane ya marudiano, na wapo wanaoutumia usiku huo kufuta ule wa kwanza. Si sahihi. Yote mawili yanaandikwa, kila moja kwa uzito wake, na hakuna linalofuta jingine.

Durán huyohuyo anatuonya dhidi ya hoja ya mnyororo, ile ya kusema kwamba fulani alimpiga fulani aliyempiga fulani, basi ni bora kuliko wote. Thomas Hearns alimwangusha Durán katika raundi ya pili mwaka 1984. Iran Barkley akamsimamisha Hearns mwaka 1988. Mwaka uliofuata, Durán mwenye umri wa miaka 37 akampiga Barkley na kuchukua ubingwa wa WBC wa uzito wa kati. Watatu hao wanazunguka duara, na ukianzia popote unapotaka utapata bora tofauti.

Kuhusu kushindwa, tofautisheni bondia aliyeshindwa akiwa katika ubora wake na aliyeshindwa akiwa amezeeka au amepanda daraja lisilo lake. Floyd Mayweather alistaafu na ushindi 50 bila doa, na Rocky Marciano 49. Sugar Ray Robinson alishindwa mara 19, na bado wengi tulioyachunguza mapambano yake tunamweka juu ya wote. Sababu ipo katika tarehe. Hadi alipostaafu kwa mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka 1952, akiwa na mapambano zaidi ya 130, alikuwa ameshindwa mara tatu tu: na Jake LaMotta mwaka 1943, aliyemzidi karibu kilo saba na ambaye Robinson alimshinda majuma matatu baadaye, na Randy Turpin mwaka 1951, ambaye naye Robinson alimshinda baada ya miezi miwili, na Joey Maxim mwaka 1952, bingwa wa uzito wa juu mwepesi. Siku hiyo ya Maxim joto lilikuwa kali kiasi kwamba mwamuzi mwenyewe aliishiwa nguvu ikabidi abadilishwe, na Robinson, akiongoza kwenye kadi zote, hakuweza kuinuka kitini kwa raundi ya 14. Vipigo vingine vyote ni vya baada ya kurejea mwaka 1955. Rekodi safi ni jambo la kuheshimiwa, lakini inategemea pia nani alichaguliwa kupigana naye na wakati gani.

Kanuni za enzi nazo zina sehemu yake. Zamani uzito ulipimwa siku ileile ya pambano. Leo hupimwa siku moja kabla, na bondia hupata muda wa kurudisha kilo alizozikausha, hivyo bondia wa welta wa sasa anaweza kupanda ulingoni akiwa na mwili ambao miaka ya 1940 ungemhesabu katika uzito wa kati. Mapambano ya ubingwa yalikuwa ya raundi 15, hadi baada ya kifo cha Duk Koo Kim mwaka 1982, WBC ilipoanza kupunguza hadi 12 na vyombo vingine vikafuata. Raundi hizo tatu si kitu kidogo. Mwaka 1981 Hearns alikuwa anaongoza kwenye kadi zote baada ya raundi ya 12 dhidi ya Leonard, naye akasimamishwa katika ya 14. Kwa kanuni za leo, Hearns angeshinda usiku ule.

Mnapojadili kupanda madaraja, hesabuni asilimia badala ya kilo tupu. Kutoka kilo 50.8 hadi 57.2 ni ongezeko la zaidi ya asilimia 12 ya mwili. Kutoka kilo 72.6 hadi 79.4, ingawa kilo ni nyingi kidogo, ni asilimia tisa na ushei. Angalieni pia kama palikuwa na ngazi ya katikati. Dick Tiger wa Nigeria, bingwa wa uzito wa kati mwaka 1962 na tena 1965, alipomshinda José Torres mwaka 1966 na kutwaa uzito wa juu mwepesi, hapakuwa na daraja katikati. Aliruka masafa hayo ya kilo 72.6 hadi 79.4 kwa hatua moja, akiwa na umri wa miaka 37 na kimo kifupi. Jina lake hukosekana katika mijadala hii mara nyingi mno, na sioni sababu ya haki.

Hatimaye, mlinganishe bingwa wenu na jirani mmoja kwa wakati, wala msimtupe katikati ya orodha ya majina 50. Oleksandr Usyk wa Ukraine ana jirani wa wazi: Evander Holyfield, ambaye naye aliunganisha ubingwa wa kruza, daraja lililo chini ya uzito wa juu, mwaka 1988, kisha akaushika ule wa uzito wa juu mwaka 1990. Holyfield ana ushindi dhidi ya Riddick Bowe mwaka 1993 na Mike Tyson mwaka 1996 na 1997, katika kizazi kilichojaa mabondia hatari. Ana pia vipigo viwili kutoka kwa Bowe. Usyk alikusanya mikanda yote minne ya kruza mwaka 2018 kwa kupigana ugenini, ukiwemo ushindi dhidi ya Murat Gassiev mjini Moscow, akampiga Anthony Joshua mara mbili, na mwaka 2024 akamshinda Tyson Fury mara mbili, mtu aliyemzidi zaidi ya kilo 15. Mimi namweka Usyk mbele kwa hatua moja ndogo, kwa sababu ya tofauti hiyo ya miili na kwa sababu katika marudiano na Joshua na Fury alikutana na watu waliokwisha kumsoma, na bado akawashinda. Anayemweka Holyfield mbele ataanza na Bowe wa mwaka 1993, naye atakuwa ameanza mahali panapostahili, kwani Bowe alipanda ulingoni siku hiyo akiwa bingwa, hajawahi kushindwa, na mwaka mmoja nyuma alikuwa amemshinda Holyfield huyohuyo.