Somo: Pointi za ndege, zikusanye vizuri na uzitumie kwa hesabu

Wakuu, tiketi nyingi za watu wa Dodoma kwenda nje hulipiwa na ofisi au mradi. Pointi lakini huingia kwa jina la abiria, si la mlipaji.

1. Chagua kapu moja, yaani programu moja ya pointi. Mashirika hujiunga kwenye miungano: Ethiopian na Turkish yamo Star Alliance, Kenya Airways na KLM yamo SkyTeam, Qatar imo Oneworld. Emirates haimo kwenye muungano wowote. Ukipanda Ethiopian leo na Turkish mwezi ujao, namba moja ya ShebaMiles (programu ya pointi ya Ethiopian) inapokea safari zote mbili. Safari moja huingia kapu moja tu.

2. Jisajili kwa majina yaleyale ya kwenye pasipoti. Akaunti ikiwa na majina mawili na tiketi matatu, mfumo unaweza kukataa.

3. Kabla ya kulipa, muulize wakala herufi ya daraja la nauli. Abiria wawili wa viti jirani, mmoja Y (nauli kamili ya daraja la kawaida) na mwingine herufi ya bei chee, hawapati sawa. Wa pili anaweza kuambulia robo ya maili (ndizo pointi), au sifuri. Soma jedwali la programu unayowekea pointi, maana kila moja ina lake.

4. Hapa ndipo penye faida. Chukua nauli ya fedha, toa kodi na tozo ambazo utalipa hata ukitumia pointi, gawanya kwa pointi zinazotakiwa. Tuseme nauli ni 1,400,000, tozo 500,000, pointi 30,000. Inabaki 900,000, yaani shilingi 30 kwa pointi. Sasa wanakupa begi la 260,000 kwa pointi 26,000: shilingi 10 tu. Begi kanunue Majengo sokoni.

Angalizo: tumia nauli ambayo ungelipa kweli. Kupigia hesabu kiti cha daraja la biashara cha milioni tisa ambacho usingekinunua kamwe ni kujidanganya.

MASWALI

Swali: Mkuu, wiki tatu sasa pointi hazijaingia.
Jibu: Ingia kwenye akaunti, dai safari iliyokosekana. Herufi sita za bukingi hazitoshi. Weka namba ya tiketi yenye tarakimu 13. Tatu za mwanzo ni za shirika: 071 Ethiopian, 157 Qatar, 706 Kenya Airways. Kipande cha pasi ya kupandia usikitupe mpaka pointi zionekane.

Swali: Je, kipande cha Dodoma–Dar kwa Air Tanzania nacho kinahesabiwa?
Jibu: Kwenye makapu hayo, usikitegemee, Air Tanzania haimo katika miungano hiyo mitatu. Na kama umekikata kwa tiketi ya pekee, ndege ya asubuhi ikichelewa, shirika la pili halidaiwi kukusubiri wala kukubadilishia. Shuka Dar siku moja kabla, hata kwa SGR.

Swali: Zinaisha muda?
Jibu: Avios, yaani pointi za Qatar, hufutika akaunti ikikaa miezi 36 bila kuingiza wala kutumia chochote. Pointi chache zikiingia, saa inaanza upya.