Kulifufua Peugeot 504 Lililochezewa na Kutelekezwa Malindi

Peugeot 504 lilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1968, na halikuchukua muda mrefu kujipatia heshima katika barabara za Kenya. Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda mbio za Safari Rally kwa gari hilo, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda kwa 504 la milango miwili lenye injini ya V6. Haishangazi basi kwamba wapo wamiliki waliotaka magari yao yafanane na yale ya mbio, wakafunga kabureta kubwa, wakakata springi, wakapachika matairi mapana na taa za ziada mbele ya rejeta. Gari la namna hiyo likitelekezwa kwa miaka katika ua wa nyumba mjini Malindi, pwani ya Kenya, mnunuzi hurithi matatizo mawili kwa pamoja, yaani uchakavu wa kawaida na kazi ya mtu aliyelichezea bila kuacha maelezo. Ushauri wangu ni mmoja na ninausisitiza: usiliwashe siku uliyolinunua, na usishughulikie nguvu ya injini kabla ya kumaliza bodi, breki na umeme.

Kabla ya kufungua hata nati moja, linganisha namba ya chesisi na ya injini na zile zilizomo kwenye logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari. Gari lililochezewa mara nyingi limebadilishwa injini au rangi, na mabadiliko hayo hupaswa kuandikishwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya. Ni heri kuligundua hilo mapema kuliko kuligundua baada ya fedha yote kuishia kwa fundi.

Kazi ya kwanza ni kutu, nayo Malindi ndiyo inayoamua kama gari linafaa kufufuliwa au linafaa kuuzwa vipande vipande. Upepo wa kusi hubeba chembe za chumvi kutoka baharini, chumvi hiyo hutua ndani ya kila upenyo, na kwa kuwa hufyonza unyevu wa hewani, bati hubaki limelowa hata siku ambayo hakuna tone la mvua lililoanguka. 504 halina fremu ya peke yake kama ile ya Land Rover za zamani, bali bodi lenyewe ndilo linalobeba injini, magurudumu na abiria, kwa hiyo kutu iliyo kwenye vizingiti vya chini ya milango si suala la sura bali ni suala la uimara. Lioshe gari lote kwa maji ya mfereji, ndani ya matao ya magurudumu na chini ya sakafu, wala usitumie maji ya kisima kilicho karibu na ufuo, kwa sababu mengi ya visima hivyo yana chumvi na utakuwa unaongeza kile unachokiondoa.

Likikauka, ondoa viti na mazulia, kisha gonga bati kwa mpini wa bisibisi hatua kwa hatua. Bati zima hutoa mlio mkali, na bati lililooza hutoa mlio mzito uliozimika, na mara nyingine bisibisi hupenya. Pitisha sumaku juu ya matao ya nyuma na sehemu za chini za milango, kwa kuwa mahali sumaku inapokataa kushika kuna pati nene iliyofunika tundu. Chunguza zaidi minara ya mbele ambamo springi na shoki hujishikiza, sehemu za kuwekea jeki, na shimo la tairi la akiba. Ikiwa minara ya mbele imeoza pande zote na vizingiti navyo vimekwisha, mimi ningelivunja gari hilo liwe spea na kutafuta jingine, hata kama injini yake ni nzima. Kinyume chake, tundu la sakafu lisikutishe. Mwambie fundi wa bodi akate mpaka afikie bati safi na achomelee bati jipya lenye unene ule ule, wala asibandike fiberi juu ya kutu. Waya za betri zifunguliwe na tangi la petroli liondolewe kabisa kabla ya cheche ya kwanza ya kuchomelea. Baada ya hapo paka rangi ya msingi yenye zinki, ziba maungio, na nyunyiza nta ya kuzuia kutu ndani ya vizingiti. Kazi ya rangi ni vyema ifanywe wakati wa kaskazi, kabla ya masika kuingia, maana rangi iliyopakwa kwenye unyevu haishiki vizuri.

Breki hazihitaji majadiliano marefu. Mafuta ya breki hufyonza maji kutoka hewani, na katika hewa ya pwani mafuta yaliyokaa miaka ndani ya mabomba huozesha silinda kuu na silinda za magurudumu kutoka ndani. Badilisha raba zote, mipira yote ya breki na mabomba ya chuma yaliyoliwa, ukiweka ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, kisha jaza mafuta mapya ya breki ya daraja la DOT 4 na kutoa hewa yote. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Tairi nazo zisome ubavuni: tarakimu nne za mwisho wa alama ya DOT huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, hivyo 2312 ni wiki ya 23 ya mwaka 2012, na tairi la umri huo halifai hata kama kashata zake bado ni ndefu.

Umeme ndio unaochoma magari yaliyochezewa. Taa moja ya wati 100 kwenye mfumo wa volti 12 huvuta zaidi ya ampea 8, na taa nne huvuta zaidi ya ampea 33, mzigo ambao swichi ya dashibodi na waya mwembamba haviwezi kuubeba bila kupata moto. Ng'oa kila waya ulioongezwa baada ya gari kutoka kiwandani, hata ule unaoonekana kufanya kazi, urudi kwenye waya za asili kwanza. Taa za ziada zirudishwe mwisho, kila jozi ikiwa na rilei yake (swichi inayoendeshwa kwa umeme), fyuzi yake karibu na betri, na waya wa unene unaostahili. Sehemu za waya wa ardhi zikwanguliwe hadi chuma king'ae, kisha zipakwe grisi, kwa sababu hitilafu nyingi za taa hapa pwani chanzo chake ni kutu ya hapo tu.

Sasa ifikie injini. Mwaga petroli yote ya zamani, osha tangi, badilisha mipira na chujio, na fungua kabureta uisafishe, maana petroli iliyolala huacha gundi ndani ya vijitundu vyake. Toa plagi, tia oili kidogo katika kila silinda, iache ilale usiku kucha au zaidi, kisha zungusha injini kwa mkono kwa kutumia spana kwenye puli ya mbele. Ikikataa, usilazimishe. Ikizunguka, pima mgandamizo wa silinda zote nne na uandike matokeo. Unapopanga waya za plagi, kumbuka kwamba Peugeot huhesabu silinda ya kwanza kutoka upande wa flaiwili (gurudumu zito lililo upande wa giaboksi), si wa feni, na mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Mafundi waliozoea Toyota hukosea hapa, kisha kabureta isiyo na hatia ikalaumiwa.

Mfumo wa maji unastahili subira kuliko yote. Hedi ya injini hii, yaani sehemu ya juu inayofunika silinda, ni ya aluminiamu na bloku ni ya chuma, na metali hizo mbili zikikutanishwa na maji yenye chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Gari lililojazwa maji ya kisima miaka nenda miaka rudi mara nyingi lina hedi iliyochimbika kuzunguka njia za maji, na gasketi mpya haitaziba hapo mpaka hedi ijazwe na kusawazishwa kwenye karakana ya mashine, kazi ambayo huenda ukaipeleka Mombasa. Zaidi ya hayo, silinda za 504 ni mikono ya chuma, yaani mirija ambamo pistoni hucheza, iliyosimamishwa tu ndani ya bloku na kuzungukwa na maji. Hedi ikishatolewa, mikono hiyo ibanwe kwa bolti na washa pana kabla ya mtu yeyote kuizungusha injini, la sivyo itanyanyuka, muhuri wake wa chini utavunjika na maji yataingia kwenye oili. Mwambie fundi jambo hili kabla hajaanza, si baada. Ukijaza upya, tumia kipozeo chenye dawa ya kuzuia kutu kilichochanganywa na maji yaliyosafishwa.

Kuhusu vikorombwezo vya mmiliki wa zamani, sifa kuu ya 504 ni springi zake ndefu na laini zinazomeza mashimo, na ndizo zilizolifaa kwenye Safari Rally. Springi zilizokatwa huua sifa hiyo, kwa hiyo tafuta nzima, ukijua kwamba mitambo ya springi za nyuma ya pikapu haifanani na ya saluni nyingi. Kabureta kubwa, kwa mfano ya Weber, inaweza kubaki, mradi jeti zake (vijitundu vinavyopima petroli) zilingane na injini: plagi ikitoka nyeupe, mchanganyiko una petroli haba na pistoni zitaungua, na ikitoka ya hudhurungi hafifu, endelea.

Safari ya kwanza iwe asubuhi, kwa mwendo wa pole hadi Gede, mji jirani, na kurudi, huku jicho likiwa kwenye geji ya joto. Ukifika, gusa kila gurudumu kujua kama kuna breki inayoshika, kagua chini kama kuna tone la oili au maji, na injini ikishapoa kabisa hakikisha tena mkazo wa bolti za hedi kwa kipimo na mpangilio wa kitabu cha mtengenezaji.