Somo: Kuosha bomba la dawa bila kuwakomaza bakteria

Wakuu, kila msimu wa nyanya naulizwa hili hili. Leo naandika mara moja.

1. Changanya dawa ya kutosha shamba lako tu.

2. Vaa glovu, buti na barakoa.

3. Kusuuza. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilisuuzia bomba la lita 16 kwenye dimbwi letu la kumwagilia, huku mwambao wa Ilemela, Mwanza. Maji yakawa meupe kama tui, nikaenda zangu. Jioni nikakuta wanangu wanachota hapo hapo. Dozi hafifu haiui bakteria, inamwamsha. Ana pampu za kutemea sumu, na hizo hizo hutema antibayotiki. Mwaka 2015 watafiti wa New Zealand walionyesha kuwa E. koli na Salmonela, bakteria wa matumboni, wakikutana na dawa za magugu kama glaifoseti na 2,4-D, huzistahimili baadhi ya antibayotiki zaidi ya kawaida. Na dimbwi letu lina kinyesi cha ng'ombe!

Suuza mara tatu, kila suuzo linyunyizie mistari ile ile ya shamba. USIMWAGE sehemu moja. USISUUZIE ziwani wala mtoni.

4. Chupa tupu toboa. Usitie mafuta ya kula.

MASWALI

– Kwa hiyo nyanya zinaleta usugu, yaani bakteria kutosikia antibayotiki?
Sijasema hivyo. Rudia hatua ya 3.

– Nyanya zinanyauka, nichanganye OTC (oksitetrasaiklini) ya kuku?
Hapana. Hiyo ni antibayotiki, unaimwaga kwenye udongo na mnyauko hautapona.

– Kaka, dawa ikiisha kwenye maji, usugu nao unaisha?
Umeuliza vizuri, dada. Pampu hutulia. Ila zikiwa zimewaka, bakteria anapata muda wa kuishi hadi vinasaba vyake vibadilike, na hapo harudi nyuma kirahisi. Dawa za ukungu zenye shaba ndizo zinanitisha zaidi: shaba haiozi, na vinasaba vya kuistahimili mara nyingi hukaa pamoja na vya kustahimili antibayotiki. Ukimlea huyu umemlea na yule. Tena kuna dawa za magugu ambazo, kwa antibayotiki fulani, zilimdhoofisha bakteria. Kila jozi na tabia yake.

– Nitajuaje mnyauko ni wa bakteria?
Kata shina karibu na mzizi, lining'inize kwenye glasi ya maji safi, usilitikise. Baada ya dakika chache nyuzi nyeupe zikishuka kama moshi, ni wenyewe. Ng'oa, choma, na hapo panda mahindi, si bilinganya.