Jinsi ya kutengeneza makumbusho madogo ya mashine za Kongwa

Watu wengi wakianza hii kazi wanakusanya trekta moja moja za kila nchi wanazipanga kwenye shelfu, basi. Mimi nakushauri chagua sehemu moja na miaka michache. Kongwa, kule Dodoma, inatosha kabisa. Waingereza walianza mradi wa karanga pale mwaka 1947 wakaufuta 1951, kwa mradi wote, pamoja na sehemu nyingine, walitaka kulima ekari zaidi ya milioni 3, na mashine zilizoletwa zingine zilikuwa mabaki ya vita vya pili vya dunia.

Skeli tumia 1 kwa 32. Mita moja ya kweli inakuwa mm 31 hivi, kwa hiyo mtu wa mita 1.70 anakuwa mm 53. Huyo mtu mtengeneze kabla ya mashine yoyote, waya na udongo vinatosha, halafu kila unachojenga unamsimamisha pembeni yake, akionekana kama mtoto wa chekechea jua vipimo vimekataa. Ubao wa sm 60 kwa 40 unakupa kama mita 19 kwa 13 za shamba.

Mashine ya kwanza iwe Shervick. Hii kampuni ya Kiingereza Vickers-Armstrongs waliitengeneza kutokana na vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani, jina lenyewe ni Sherman na Vickers yameunganishwa. Tafuta picha zake uzichapishe kwa ukubwa wa skeli yako, gandisha juu ya kadibodi, kata. Usiweke mnara wala mzinga, hili ni trekta sasa. Kwa minyororo ya chini kata boksi la katoni vipande vya upana wa mm 13, ile mistari ya ndani ipite kukatisha upana, lowesha kidogo upande mmoja ubandue karatasi ya juu, utaona matuta yametokea yenyewe, hayo ndo meno. Magurudumu kata kwenye soli ya kandambili chakavu. Bomba la moshi ni kijiti cha pamba ya masikio.

Sasa rangi, na hapa usiwe na haraka kabisa. Piga kwanza kahawia ya kutu mwili mzima uache ikauke usiku kucha, kesho yake lowesha kwa maji sehemu ambazo chuma kingechubuka, nyunyiza chumvi ya mawe, ikishakauka piga njano juu yake, halafu sugua chumvi itoke kwa mswaki. Inabaki kutu yenye kingo za kweli, hakuna brashi inayoweza kufanya hivyo.

Ukitengeneza tingatinga la pili unaweza kuonyesha walivyofyeka pori: matrekta mawili yanakwenda sambamba, katikati yanaburuta mnyororo wa nanga ya meli, miti inaanguka. Tumia cheni ya shingoni iliyokatika, ila usiivute ikanyooka, iache ipinde kwa nyuma kama upinde. Mbele yake pori limesimama (mizizi mikavu ya majani inafanana sana na vichaka vya miiba), nyuma vimelala, na visiki acha vimejitokeza, maana mizizi iliyobaki ardhini iliwatesa sana.

Udongo tumia udongo mwekundu halisi, upitishe kwenye chujio la chai. Weka tabaka nene la udongo wa mfinyanzi bila gundi juani, litapasuka lenyewe. Hiyo mipasuko ni muhimu jamani, ardhi ya Kongwa mvua zikikatika inakaza kama saruji, ndo ilimaliza majembe.

Kona moja lazima iwe gereji. Trekta halina boneti, injini iko chini kwenye magogo, fundi ameinama. Mashine nyingi ziliharibika mapema na spea zilikuwa shida, ukiweka zinazong'aa tu utakuwa unadanganya watu. Na mafundi na madereva wengi walikuwa watu wetu, kwa hiyo wachonge vizuri wawe na sura.

Lebo andika fupi: jina, ilitoka wapi, ilifanya kazi gani. Kama kwenu kuna mzee aliyefanya kazi Kongwa, au Urambo na Nachingwea ambako mradi huohuo ulifika, mkalishe umuulize walikuwa wanaiitaje kila mashine, na hilo jina liandike kwanza, juu ya la kiwandani.

Ukimaliza funika yote kwa tangi la samaki la zamani lililopinduliwa, vumbi likiingia kwenye ile minyororo ya katoni halitoki.