Kujaza upepo wa tairi nyumbani: pima asubuhi, kabla gari halijatoka

Kazi yangu ni matairi. Wateja wengi wanaokuja kwangu wakilalamika kwamba wameuziwa tairi bovu, nikilipandisha gari jeki naona jambo lile lile: mabega yote mawili yamelika, katikati kashata (yale maua ya tairi yanayokanyaga barabara) bado nzima. Tairi halina ubovu wowote. Limetembea miezi na upepo pungufu, likawa linakanyaga kwa pembeni. Likilika katikati huku pembeni bado zima, upepo ulizidi. Likilika upande mmoja tu, hapo usihangaike na upepo, nenda kwenye alaimenti, yaani kunyooshwa magurudumu.

Pampu ndogo ya umeme inayochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha sigara inaweza kukuepusha na hasara hiyo. Watu wengi hununua kwa ajili ya dharura, wakaitupa kwenye buti na kuisahau. Faida yake kubwa ni nyingine kabisa: inakuwezesha kupima na kujaza tairi likiwa la baridi, gari likiwa pale pale lilipolala. Kituo cha mafuta hufiki bila kuendesha, na ukishaendesha tairi limepata moto na namba imepanda. Jaza pale kwa namba ya kwenye kibandiko cha mlangoni, kesho asubuhi utakuta imeshuka.

Kuhusu kuchagua pampu sisemi mengi. Usidanganyike na maandishi makubwa ya PSI 150 kwenye boksi (PSI ni kipimo cha presha ya upepo). Tairi za kawaida za gari dogo hazihitaji hata robo ya hizo. Angalia inasukuma lita ngapi kwa dakika, waya wake kama unafika tairi za nyuma, na kama kichwa cha mpira wake ni cha kukaza kwa kuzungusha au cha kubana kwa wenzo. Cha kuzungusha kinashika vizuri zaidi. Ongeza geji ndogo ya mkononi, ile ya kuchomeka kwenye valvu, kwa sababu geji za pampu za bei rahisi haziaminiki sana.

Hatua ya 1: Tafuta namba ya gari lako

Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo ambayo mlango unajifungia. Kuna kibandiko chenye saizi ya tairi na presha ya mbele na ya nyuma. Magari mengi tunayotumia yametoka Japani, kwa hiyo maandishi hayasomeki kwa wengi wetu, lakini namba ni namba. Utaona kitu kama 220 kPa au 230 kPa, na pembeni yake pengine 2.2 au 2.3, hizo zikiwa kilo kwa sentimita ya mraba. Kupata PSI, gawanya kPa kwa 6.9. Basi 220 ni kama PSI 32, 230 ni 33, na 240 ni karibu 35. Kwenye magari mengine kibandiko kina mistari miwili, mmoja wa mzigo wa kawaida na mwingine wa gari lililojaa. Ukiwa unakwenda mkoani na watu watano na mabegi, fuata ule wa gari lililojaa.

Namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi yenyewe, mara nyingi 44 au 51, siyo ya kujazia. Hiyo ni kikomo cha tairi, haijui limefungwa kwenye gari gani. Nimepokea magari madogo yamejazwa 50 kwa kuamini namba hiyo, gari linaruka kila tuta na breki haishiki vizuri barabara ikiwa na maji, maana sehemu ya tairi inayogusa lami imekuwa ndogo.

Hatua ya 2: Pima tairi likiwa baridi

Tairi la baridi maana yake gari limesimama saa tatu au zaidi, na halijapigwa jua. Asubuhi kabla ya kutoka ndiyo wakati wake. Hii ndiyo hatua ambayo watu wanairuka, nami naomba usiiruke, kwa sababu zilizobaki zote zinaitegemea.

Hewa ikipata joto inatanuka. Kwa kukadiria, kila joto likibadilika nyuzi 5 au 6, presha hubadilika kama PSI 1. Pale Dodoma, gari lililolala nje kwenye baridi ya nyuzi 16 na kupimwa tena mchana kwenye 30 litaonyesha tofauti ya PSI 2 hivi bila mtu kuligusa. Bado hujaendesha. Mwendo wa barabara kuu unaongeza nyingine, 4 hivi au zaidi, kwa sababu tairi linajikunja na kujikunjua kila linapozunguka na linapika hewa iliyomo. Sasa mtu akisimama njiani, akapima, akaona 37 badala ya 33, anashtuka na kupunguza. Akifika na gari likapoa, ana 29. Usipunguze upepo wa tairi la moto hata siku moja. Hali ikikulazimisha kujaza njiani kwa sababu tairi limeonekana limelegea, ongeza PSI 3 au 4 juu ya namba ya kibandiko, halafu pima upya kesho yake asubuhi.

Na upande ambao jua la asubuhi limeupiga utasoma juu kuliko upande wa kivuli. Kama gari linalala nje, amka mapema kidogo.

Fungua kofia ya valvu, iweke mfukoni ili isipotee kwenye mchanga, kisha chomeka geji moja kwa moja na kwa nguvu. Ukisikia "tsss" ndefu, hujakaa sawa: upepo unatoka na namba utakayoiona ni ya uongo. Mlio mfupi wa mara moja, kisha kimya, ndipo usome. Andika namba za tairi zote nne kwenye simu kabla hujajaza hata moja. Baada ya miezi michache, orodha hiyo itakuonyesha tairi gani linapoteza zaidi ya wenzake. Tairi zima hupoteza PSI 1 au 2 kwa mwezi bila pancha yoyote, hewa inapenya polepole kwenye mpira. Moja likishuka 6 wakati matatu yameshuka 2, lina jambo.

Hatua ya 3: Washa gari, chomeka pampu

Vuta hendibreki. Washa injini, kwa sababu pampu hizi huvuta ampea 10 na zaidi, na betri iliyochoka haipendi hilo. Kama unaegesha kwenye gereji ya nyumbani yenye kuta pande zote, toa gari nje kwanza. Moshi wa injini ndani ya chumba unaua, na gesi yake ya sumu haina harufu ya kukuamsha. Usichomeke kitu kingine kwenye tundu lile kwa wakati huo. Fyuzi ya tundu hilo kwenye magari mengi ni ya ampea 15, na ikiungua utadhani pampu imekufa.

Kaza kichwa cha mpira wa pampu kwenye valvu ukiwa umezima swichi. Upepo kidogo utatoka unapozungusha. Endelea kukaza mpaka usikie kimya.

Hatua ya 4: Jaza

Pampu ya kidijitali, weka namba unayotaka, washa, itajizima ikifika. Ya mshale, usiamini mshale wakati pampu inanguruma, kwa sababu unasoma pia msukumo uliomo ndani ya mpira wa pampu. Zima, subiri sekunde chache, ndipo usome. Kutoka 27 kwenda 33 kwa gari dogo ni dakika chache tu. Pampu nyingi zinaruhusu dakika 10 hadi 15 za kazi mfululizo, kisha zinahitaji kupoa kwa muda kama huo. Kijitabu chake kitasema. Ukianza kunusa plastiki ya moto, umechelewa kuizima.

Hadhari na ile shaba ya kichwa cha mpira. Baada ya tairi la pili huwa ya moto kiasi cha kuunguza vidole. Tumia kitambaa kuifungua, lakini ifungue haraka, maana kila nusu mzunguko upepo unakimbia.

Pima tena kwa geji ya mkononi. Ikizidi 1, bonyeza pini iliyo katikati ya valvu kwa ukucha au kwa ncha ya geji, toa kidogo, pima. Tairi za ekseli moja, yaani mbili za mbele au mbili za nyuma, zilingane. Tofauti ya kushoto na kulia utaisikia mikononi, usukani unavuta upande wenye upepo mdogo. Rudisha kofia za valvu. Zinazuia vumbi na tope kuingia kwenye pini na kuifanya isifunge sawasawa.

Gari lenye taa ya onyo la tairi kwenye dashibodi, mengine taa huzima yenyewe ukiendesha kidogo, mengine yana kitufe cha kuliambia gari kwamba hii ndiyo presha mpya. Usibonyeze kitufe hicho kabla hujajaza, utalifundisha gari kwamba upepo pungufu ndio sahihi.

Hatua ya 5: Tairi linaloshuka kila mara

Chukua maji na sabuni ya unga, koroga mpaka yatoe povu zito, paka kwa brashi. Anza na valvu: mwagia tone juu ya pini, likivimba kama jicho la chura, pini haifungi. Hiyo ni kazi ya dakika moja kwa fundi. Kisha shina la valvu pale linapotoka kwenye rimu. Lipinde kidogo kwa kidole, mpira uliozeeka hufungua nyufa ukipinda. Halafu zunguka ukingo ambapo tairi linakutana na rimu, hasa kama uliwahi kupiga shimo. Mwisho kashata, ukisogeza gari nusu mzunguko. Msumari au skrubu utaona mapovu madogo madogo yanapanda bila kuisha. Ukiuona, usiung'oe nyumbani. Jaza, nenda ukazibiwe.

Wakati wa kuiacha pampu

Tairi lililotembezwa likiwa halina upepo kabisa, hata kilomita moja, usilijaze na kuendelea na safari. Ubavu wake umesagwa ndani kati ya rimu na lami, kwa nje laweza kuonekana zima. Likivuliwa mara nyingi unakuta unga mweusi wa mpira ndani. Tairi lenye uvimbe ubavuni ni hivyo hivyo, nyuzi zimekatika. Na lililoachana na rimu, pampu ndogo haiwezi kulirudisha: hewa inatoka kwa kasi kuliko inavyoingia. Hizo zote ni kazi za jeki, spea na fundi.

Spea yenyewe uikumbuke kila unapojaza yale manne. Ikiwa ni ile nyembamba, presha yake ni kubwa mno, kwa kawaida 420 kPa, yaani PSI 60 hivi, nayo imeandikwa ubavuni mwake. Kwa hapo pampu itafanya kazi ngumu. Ikaribiapo muda wake wa kupumzika, izime, ipoe, umalizie baadaye. Ukimaliza, weka pampu na geji juu ya spea, siyo chini yake, ili siku ya pancha usilazimike kushusha mizigo yote ya buti ukiitafuta gizani.