Kuuza gari lenye namba za nje baada ya kuhamia nchi nyingine

Anayenunua gari lenye namba za nje huanza na karatasi, gari hufuata. Injini inaweza kuwa safi na rangi inang'aa, lakini kama kadi haipo au ushuru haujulikani uko wapi, analonunua ni kesi. Kwa hiyo kabla hujapiga picha wala kuandika tangazo, jibu swali moja: forodha ya nchi uliyohamia inalihesabuje gari hili? Jibu lake ndilo litakaloamua kama unaweza kuliuza hapo, lini, na kwa bei gani.

Huenda liliingia kwa muda tu. Mkataba wa Istanbul wa 1990 unaruhusu gari la matumizi binafsi kukaa katika nchi mwanachama miezi 6 ndani ya kila miezi 12 bila kulipiwa ushuru, lakini nafuu hiyo ni ya mgeni. Ukishakuwa mkazi haikuhusu tena, na kuuza gari la namna hiyo bila kulilipia ni kukwepa ushuru hata kama hukukusudia. Marekani ni wakali zaidi: asiye mkazi anaweza kuingiza gari lisilokidhi viwango vyao kwa mwaka 1 kwa matumizi yake mwenyewe, ila lazima litoke tena, na kuliuza humo ni marufuku. Gari lililovuka mpaka kwa kaneti, hati ya forodha ya kuliingiza gari kwa muda, lina dhamana iliyowekwa kwenye chama cha wenye magari. Ukiliuza kabla kaneti haijafungwa na forodha, dhamana hiyo ndiyo itakayodaiwa.

Au liliingia kwa msamaha wa wanaohama makazi. Hapa ndipo wengi hunaswa. Katika Umoja wa Ulaya na Uingereza, msamaha huu hutolewa kwa gari ulilolimiliki na kulitumia angalau miezi 6 kabla ya kuhama, na kwa sharti kwamba usiliuze, usilikodishe, usiliazimishe wala kuliweka rehani kwa miezi 12. Ukiuza mwezi wa 8, unadaiwa ushuru na kodi ulizosamehewa. Hesabu miezi hiyo kutoka tarehe iliyo kwenye hati ya forodha, si siku uliyowasili wewe. Gari mara nyingi huchelewa bandarini, na wiki chache hizo zinatosha kukutia hasara. Kama huwezi kusubiri, nenda forodha kwanza, omba hesabu ya deni kwa maandishi, lipa, ndipo uuze.

Aliyelipa ushuru wote, au aliyehama ndani ya umoja mmoja wa forodha, kwa mfano kutoka Ujerumani kwenda Ufaransa, ana kazi nyepesi. Hata hivyo, kwa sheria ya VAT ya Ulaya gari huitwa jipya likiwa na umri usiozidi miezi 6 au likiwa limetembea kilomita zisizozidi 6,000. Moja kati ya hayo linatosha, na gari kama hilo likiuzwa kuvuka mpaka, mnunuzi hulipa VAT nchini kwake. Mwambie mapema, la sivyo atakuja kuvunja bei siku ya kulipa.

Uliuze wapi?

Kama mpaka uko karibu, na usukani wa gari uko upande usiofaa huku uliko, lirudishe ulikotoka ukaliuze huko. Unatumia mafuta na siku mbili, lakini unakutana na wanunuzi wanaolijua gari na kadi yake. Kama ni mbali na gari lina thamani, lisajili kwanza nchi uliyopo, kisha uza likiwa na namba za hapo. Kuuza na namba za nje kama lilivyo kunafaa pale tu mnunuzi ni mfanyabiashara wa magari, msafirishaji, au mtu anayehamia nchi ulikotoka. Huyo wa mwisho ndiye mnunuzi bora kuliko wote, kwa hiyo tangaza kwenye makundi ya watu wanaohamia huko.

Kuhusu bei, usiangalie bei za ulikotoka. Tafuta magari ya aina na mwaka huohuo yanayouzwa hapo ulipo, toa ushuru, ukaguzi, marekebisho na ada ya usajili, kisha toa tena kitu kwa ajili ya usumbufu. Gari la aina hiyo likiuzwa kwa 100 na kulihalalisha kukigharimu 30, mnunuzi hatakupa 70. Tegemea kitu kama 60, maana kazi na hatari zote zinabaki kwake. Ukiwa na makadirio ya gharama yaliyoandikwa na forodha au kituo cha ukaguzi, mtabishania pengo dogo zaidi.

Kinachokwamisha ukaguzi

Taa kubwa ndizo za kwanza. Gari la nchi zinazoendesha kushoto hutupa mwanga wa chini likiegemea kushoto, na ukilipeleka kunakoendeshwa kulia linawamulika usoni wanaokuja mbele yako. Stika za kuziba sehemu ya mwanga ni za safari, hazifai kwa usajili wa kudumu. Taa nzima hubadilishwa, isipokuwa zile zenye swichi ya kugeuza. Angalia pia taa ya ukungu ya nyuma: kama iko moja, inapaswa kuwa katikati au upande wa dereva kulingana na nchi. Magari mengi ya Marekani yana indiketa nyekundu nyuma, Ulaya wanataka za rangi ya chungwa. Spidomita ya maili peke yake nayo hukataliwa katika nchi nyingi za kilomita.

Kwa gari lililotengenezwa kwa soko la Ulaya, omba kwa mtengenezaji cheti cha ulinganifu, ile hati inayotaja aina ya gari, uzito, moshi na vipimo vyake. Ukiwa nacho, usajili unaweza kwenda bila vipimo vya ziada. Ukikikosa, gari linaweza kulazimika kupimwa peke yake, jambo la gharama kubwa. Marekani, gari lenye umri chini ya miaka 25 lisilotengenezwa kwa viwango vyao vya usalama kwa kawaida haliingii kabisa kwa matumizi ya kudumu. Kanada kikomo ni miaka 15.

Sasa chukua tochi usome namba ya chesisi. Iko chini ya kioo cha mbele upande wa dashibodi, au kwenye nguzo ya mlango, au imegongwa kwenye bodi. Kwa magari ya tangu 1981 ina tarakimu na herufi 17, na ndani yake hakuna herufi I, O wala Q. Ukiona O kwenye kadi au hati ya forodha, karani aliandika herufi palipostahili sifuri. Kosa dogo hivyo husimamisha usajili mzima, na ni wewe mwenye gari unayeweza kulisahihisha kirahisi, si mnunuzi.

Karatasi na siku ya mauzo

Kila nchi ina desturi yake. Uingereza, V5C, yaani kadi ya usajili, ina sehemu ya kutoa taarifa kwamba gari limehama moja kwa moja. Jaza, itume DVLA, mamlaka ya usajili wa magari ya huko, na ubaki na sehemu nyingine kwa ajili ya usajili mpya. Kumbuka V5C haithibitishi umiliki, hivyo ambatanisha risiti uliyonunulia. Ujerumani kuna hati mbili, na kama gari lina mkopo ile ya pili huwa imeshikiliwa na benki. Ufaransa, muuzaji hupiga mstari kwenye kadi, huandika limeuzwa siku na saa ngapi, kisha husaini. Marekani usisaini nyuma ya hati ya umiliki kabla hujawa na mnunuzi, wala usifute kosa kwa wino mweupe. Hati iliyochezewa hukataliwa.

Gari likishafutwa usajili, vibao vyake havina nguvu na halitakiwi kutia tairi barabarani. Ama libebwe kwa lori, ama mnunuzi achukue vibao vya muda. Vile vya Ujerumani vya kusafirishia nje vina ukanda mwekundu upande wa kulia wenye tarehe ya mwisho. Kabla ya kumpa mtu funguo za kujaribu gari, ipigie simu kampuni ya bima: bima nyingi hukoma au hupungua nguvu ukishahama makazi.

Pesa ziingie kwenye akaunti na benki ithibitishe, ndipo utoe kadi. Mnunuzi akidai amekutumia zaidi kwa bahati mbaya na kukuomba umrudishie msafirishaji ile ziada, kata mazungumzo. Huo ni utapeli wa siku nyingi. Mkataba uwe nakala mbili, kwa lugha za nchi zote mbili ikibidi, ukitaja namba ya chesisi, kilomita, hali ya ushuru, bei, na tarehe pamoja na saa ya kukabidhiana. Saa ina maana, kwa sababu faini ya kamera ya jioni hiyo itakuja kwa jina lililo kwenye kadi.

Ondoa gari kwenye programu ya simu na ufute simu zilizounganishwa. Toa taarifa ya mauzo kwa mamlaka ya usajili siku hiyohiyo, hata kama mnunuzi ameahidi kufanya hivyo, na hifadhi uthibitisho wake. Dai marejesho ya kodi ya barabara. DVLA hurudisha miezi kamili iliyobaki. Mwisho, iombe kampuni ya bima ya zamani barua ya miaka uliyoendesha bila madai, maana ndiyo utakayoonyesha ukikatia bima gari linalofuata.