Kununua makaa ya mawe ukiwa Mwanza bila kupigwa

Wakuu, kama una boila hapa Nyakato au Igoma na pumba za mpunga zimeshaanza kukutesa, basi makaa ya mawe yanawezekana, ila anza kwa kujua yanatoka wapi maana huko ndiko hela inakopotea.

Kanda ya ziwa hayapo, usidanganywe na mtu wa "kuna shimo Geita". Hii granaiti yetu, hata yale mawe ya Bismarck pale ziwani, ina zaidi ya miaka bilioni 2.5, enzi hizo nchi kavu haina hata jani, na makaa ya mawe ni mimea iliyofukiwa. Ya Tanzania yako kwenye miamba inayoitwa Karoo ambayo ni midogo sana kwa umri, kama miaka milioni 250 hadi 300, na imejipanga huko kusini na kusini magharibi. Sisi tukaachiwa dhahabu.

Kwa hiyo ukiongea na muuzaji swali la kwanza ni mgodi gani, siyo bei. Ngaka, wilaya ya Mbinga, Ruvuma, ndo inayotoa mengi, wachimbaji wakubwa walianza 2011, wanachimba kwa shimo la wazi na viwanda vya saruji ndo wateja wao wa siku nyingi, mengine yanashuka bandari ya Mtwara kwenda nje. Kiwira iko Ileje, Songwe, mgodi wa zamani, wa chini ya ardhi ulifunguliwa 1988 kwa msaada wa Wachina, na ndo STAMICO, shirika la madini la serikali, wanakotoa malighafi ya mkaa wao wa Rafiki wa kupikia (huo ni wa jikoni, usije ukaagiza kwa ajili ya boila). Mchuchuma ya Ludewa inatajwa kuwa na tani milioni 428, mkataba wa mradi mkubwa ulisainiwa 2011 na miaka ikapita tu. Rukwa nako yapo, Namwele na Muze.

Sasa kote huko ni mbali, Mbinga mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 1,000, lori ndo linakula hela, kwahiyo jivu, ile sehemu ya makaa isiyowaka, unalinunua na unalilipia nauli pia. Piga hesabu ya joto. Mfano tu, siyo bei ya soko: makaa A yana kilokalori 6,000 kwa kilo na yakifika getini kwako ni laki 3 kwa tani, hapo kila kilokalori elfu ni sh 50. Makaa B yana 4,500, laki 2 na elfu 60, unaona nafuu kumbe ni karibu sh 58. B ndo ghali.

Omba karatasi ya maabara yenye jivu, unyevu, salfa na joto, halafu mzigo ukifika chukua sampuli mwenyewe, juu, katikati na chini ya lori, usiokote lile bonge zuri la juu. Mimi nilishaingizwa mjini na dalali mmoja, juu mabonge yanang'aa, chini vumbi limelowa na uzito wa mzani ulikuwa nusu maji, nikalipa nauli ya kusafirisha maji kuja ziwani, ndugu yangu!

Kabla hujaagiza muite fundi wa boila aangalie vyuma vya chini pale moto unapokaa, vilivyotengenezwa kwa pumba au kuni vinaweza kuungua vikapinda, na njia ya hewa ikawa ndogo. Stoo ukirundika usiende juu sana, lundo kubwa lenye vumbi linapata joto lenyewe ndani mpaka linawaka bila kiberiti, ukisikia harufu kama ya lami livunje ulitandaze lipoe. Na wafanyakazi wasibebe mabonge kwenda kupikia ndani, gesi yake haina harufu na inaua mtu kalala.

Anza na lori moja.